Mikato ya Sanduku la Saba

6 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na huyo mbuzi wako Mheshimiwa hajala tena pazia la jirani. Sisi huku hatujambo. Mtoto ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka mdomo wazi makusudi ili kila mtu aone. Mama anakusalimu.

Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia mtandao utakatika, halafu unaukata mwenyewe. Jambo lenyewe ni hili. Idara yetu ya kumbukumbu imekubali kutengeneza kitabu cha picha cha nchi ya jangwa, tangu visima vya kwanza mpaka mtaa wa chini ulipofunikwa na mchanga. Shangazi, hatuna kitu. Nimepekua makabati yote nikakuta ripoti za maofisa, orodha za magunia ya chumvi na ramani moja iliyoliwa na mende. Uso wa mtu hakuna hata mmoja. Ukisoma makaratasi yetu utadhani chumvi ilikuwa inajichimba yenyewe na kujipakia.

Lakini baba alipiga picha hapo miaka thelathini na minane. Waliohama wote walipita studio kwake kupiga picha ya pasipoti kabla ya kupanda lori. Miaka miwili sasa tangu afariki, na masanduku yake kumi na moja ya negativu, zile filamu zenyewe za picha, yako kwako. Naomba uyatume yote kwa dereva wa lori la chumvi, maana ndiye tunayemwamini. Tutayaweka katika chumba cha baridi, ambamo hata sisi tunaingia na sweta. Kitabu kitatoka kwa jina la baba, na kinakwenda kiwandani mwisho wa Oktoba.

Najua si rahisi kwako. Na mimi nikwambie la moyoni. Sikuwahi kuruhusiwa kuingia chumba cha giza. Nilikuwa naketi nje ya mlango nawasikia mnacheka humo ndani, wewe na baba. Nilikuwa na miaka tisa mama aliponileta mjini, na kicheko hicho nimekuja nacho. Sikulaumu. Nasema tu sasa ni zamu yangu kuzishika.

Ni mimi mwanao.


27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti liko palepale lilipo. Mheshimiwa hakula pazia safari hii, alikula kalenda, Novemba yote, kwa hiyo kwangu mwaka huu una miezi kumi na mmoja. Mwambie mjukuu wangu jino aliweke, nitakuja kuliona. Na wifi usimsemee. Mama yako hajanisalimu tangu siku aliyopanda lori na wewe, na akianza leo nitadhani kuna msiba.

Masanduku yote siyatumi. Nimekupa moja, la saba. Lina negativu mia na kumi, nimezihesabu mbele ya dereva naye ametia sahihi kwenye daftari lake. Mengine yamebaki kwa kuwa ufunguo wa kabati haujulikani uliko. Ukitaka kujua nimeutafuta sana au kidogo, nimeutafuta kidogo.

Unasema ulikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa ndani, basi nikueleze kilichokuwamo. Mabeseni matatu ya dawa, taa nyekundu, na joto la kumfanya mtu ajute kuzaliwa. Nilianza kusafisha picha nikiwa na miaka kumi na saba, na vidole vyangu vikageuka rangi ya kahawia, mpaka leo havijarudi. Wenzangu walikuwa shuleni. Ulipofika wakati wako wewe, kaka alikupeleka shule nzuri huko mjini, na zile pasipoti tulizokuwa tunasafisha ndizo zilizokusomesha. Usinionee gere kwa kicheko. Tulikuwa tunacheka kwa sababu hapakuwa na kingine cha kufanya mpaka picha zikauke.

Hilo la kitabu kutoka kwa jina la kaka nimelisoma mara mbili nione kama umekosea kuandika. Hukukosea. Sawa.

Jambo moja ulishike. Kingo za negativu zisiguswe. Zikijipinda, ziache zijipinde. Usiniulize kwa nini, we fanya tu.

Shangazi yako, ninayefagia mchanga mlangoni asubuhi na jioni.


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Sanduku limefika salama, negativu mia na kumi, nimetia sahihi yangu chini ya ya dereva. Mtoto amelificha jino mahali pazuri mno, sasa hakumbuki wapi. Mama nimemwambia ulichosema. Ameniambia nikusalimie.

Sijui nianzie wapi. Siku ya kwanza mkuu wetu wa idara alikuja kuchungulia kwa dakika mbili akakaa mpaka saa ya kufunga. Kuna wanawake wamepanga madebe kisimani kutoka ukutani hadi nje ya picha, na wenyewe wamelala kivulini, madebe ndiyo yanayosubiri. Kuna kinyozi anamnyoa mtu huku mchanga umefika dirishani, na wote wawili wanajitia hamnazo. Halafu zile pasipoti! Wanaume arobaini na moja, sura mbalimbali, koti moja. Kifungo cha pili hakipo kwa wote arobaini na moja. Hivi ndivyo historia inavyotakiwa kuonekana, shangazi, si kwa ripoti za maofisa.

Pembeni mwa negativu nimeona mikato midogo, nyingine ina mmoja, nyingine miwili. Ni panya, au ni nini? Kingo zenyewe zimejikunja vibaya kwa joto na mashine yetu ya kunakili haipendi kitu kilichojikunja.

Mwandishi wa gazeti amekuja kunihoji. Nilimwonyesha ile picha yangu iliyo ukutani kwangu tangu utoto, niko kisimani nina miaka sita, nimeinamisha kichwa natazama juu. Nyuma yake baba ameandika, Binti yangu kisimani. Mwandishi aliniuliza kwa nini naipenda. Nilimwambia ni kwa sababu yule mtu nyuma ya kamera ananipenda, na kila nikiitazama naona baba yangu anavyonitazama. Nilisema hivyo mbele ya watu. Sijui kama watachapa.

Mwanao.


22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya upepo. Siku tisa mchanga ulikuwa hauteremki chini, taa tunawasha mchana, na Mheshimiwa nimelala naye chumba kimoja, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa harufu. Lori limefika jana.

Wamechapa. Nimekuona gazetini, umezungushiwa mche wa sabuni. Mwenye duka ndiye aliyenionyesha, akasema huyu si binti wa marehemu, nikamwambia ndiye. Nimelikunjua, nimelinyoosha, nimelisoma mpaka mwisho. Mpiga picha wa jangwa na binti yake. Umetajwa mara sita. Kaka ametajwa mara kumi na mbili. Chumba cha giza kimetajwa mara moja, kana kwamba kilikuwa kinajiendesha.

Basi nimepata wivu. Nakuambia hivyohivyo, sipitii mlango wa nyuma. Roho imeniuma kuanzia dukani mpaka nyumbani na bado inaniuma nikiandika. Lile koti nililishona mimi. Kile kifungo niling'oa mimi nikakishona kwenye gauni lako.

Sasa nikujibu lile swali la panya. Studio ilianza na kamera moja na wapiga picha wawili. Wateja walikuja kwa kaka, lakini kaka hakupenda jua la nje wala hakupenda kuongea na wanawake wa kisimani, kwa hiyo nje nilikwenda mimi. Tukirudi gizani kusafisha filamu hata taa nyekundu tunazima, hatuoni kitu, ni vidole tu. Ili picha ikiharibika tujue nani wa kulaumiwa, kila mtu alikata filamu yake pembeni kwa mkasi mdogo. Yeye mkato mmoja. Mimi miwili. Ndiyo maana nilikuambia kingo zisiguswe.

Wewe ni mtu wa nyaraka. Zihesabu. Kisha unieleze kitabu kitatoka kwa jina la nani.

Na hiyo picha yako ya kisimani, negativu yake iko humohumo, bahasha ya hamsini na moja. Sisemi neno. Nenda ukahesabu.

Shangazi yako.


3 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko na pole kwa upepo. Huku wote wazima, mtoto amefanya mtihani, mama ana mafua kidogo.

Nasikitika kukuarifu kwamba barua yako ilichelewa mno njiani. Ilipofika mezani kwangu, kazi ya kunakili ilikuwa imekwisha, na kwa utaratibu wa kazi negativu zote za sanduku la saba zilinyooshwa na kupunguzwa kingo ili zilale sawasawa na ziingie kwenye bahasha zetu mpya, ambazo ni ndogo. Kwa hiyo mikato uliyoitaja haipo tena na haiwezekani kuhesabu. Ningejua mapema ningezuia.

Nimeongea na mkuu wetu. Amesema anaheshimu sana mchango wako, lakini idara haiwezi kuandika jina la mtu bila ushahidi. Amependekeza ukurasa wa mwisho tukutaje katika shukrani, kwa msaada wako katika studio.

Naamini utaelewa. Ufunguo wa kabati ukipatikana, tafadhali tuma masanduku mengine.

Wako mtiifu, mwanao.


25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto kafanya mtihani, vizuri. Wifi ana mafua, mpe pole.

Kilemba cha ukoka sikivai, hizo shukrani za ukurasa wa mwisho mpeni mwingine.

Jana dereva alikunywa chai kwangu. Nilimwomba daftari lake. Barua yangu uliipokea mwenyewe mkononi tarehe 2 Mei, sahihi yako iko pale, na hiyo herufi yako ya mwisho yenye mkia naijua, nilikufundisha mimi kuiandika. Nikamuuliza siku hiyo alikukuta unafanya nini. Akasema ulimwonyesha kazi kwa furaha, picha zimetandazwa mezani, na moja aliishika kwenye mwanga. Nikamuuliza pembeni ilikuwaje. Akasema ina meno mawili, akadhani panya.

Nina swali moja. Ulikata lini?

Shangazi.


30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi mzima nimekuwa nikianza barua hii. Nimeanza na mtoto, nimeanza na hali ya hewa, nimeanza na mafua ya mama. Leo naanza na jibu.

Nilikata tarehe 4 Mei, saa ya chakula cha mchana, wenzangu walipokuwa wametoka kula.

Barua yako niliisoma tarehe 2 baada ya dereva kuondoka. Siku mbili sikuigusa bahasha ya hamsini na moja, nilikuwa nazunguka nazo zote, ile naikwepa. Kisha nikaitoa. Nilivaa glavu kama tunavyotakiwa, nikaona siamini macho, nikavua glavu, nikapitisha kidole. Miwili.

Maisha yangu yote nimekuwa na picha moja. Wengine walikuwa na baba nyumbani, mimi nilikuwa na picha ukutani inayosema baba aliwahi kunitazama vile. Nimehama nayo nyumba tano. Na ulikuwa wewe. Chumba cha giza kilikuwa chako, kicheko kilikuwa chako, miaka yake yote ilikuwa yako, na hata hiyo picha ikawa yako. Nilikuonea wivu, shangazi. Kuna mkasi mrefu wa karatasi kwenye droo yangu. Nilikata ukingo wa hiyo. Halafu nikaona moja peke yake itasema, nikaendelea. Nilikata zote mia na kumi, za baba pia, ili zisisemane. Ilinichukua dakika arobaini. Wenzangu waliporudi niliwaambia nimezinyoosha.

Kabla ya kukata kila moja niliihesabu. Sijui kwa nini, pengine mazoea ya kazi. Arobaini na saba ni za baba. Sitini na tatu ni zako. Wanawake na madebe, wewe. Kinyozi, wewe. Mtaa wa chini siku ya mwisho, wewe. Karibu kila kilicho nje ya mlango wa studio ni chako.

Sasa sikiliza. Sisi watu wa nyaraka hatutupi kitu. Vile vipande vya kingo nilivitia kwenye kopo la biskuti nikalifungia. Nilijiambia nitavichoma, sikuvichoma. Tangu barua yako ya Juni nimekuwa nikivirudisha. Filamu ikikatwa kwa mkono haikatiki sawa, kila kipande kina mpindo wake, na kinakubali negativu moja tu. Nimekwisha kurudisha tisini na sita. Ya hamsini na moja ilikuwa ya kwanza.

Nimemweleza mkuu ukweli. Nimepewa onyo la maandishi, na chumba cha baridi siingii tena peke yangu mpaka mwakani. Alichouliza baada ya hapo ni jinsi jina lako linavyoandikwa.

Sikuombi unisamehe upesi. Naomba tu ujue ni nani aliyefanya.

Mwanao.


21 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Leo siku ya tatu naisoma barua yako. Siku ya kwanza nilikutukana kwa sauti, Mheshimiwa akaondoka. Siku ya pili nilihesabu sitini na tatu kwa vidole na mawe ya mlangoni, nikaona ni nyingi kuliko nilivyodhani. Siku ya tatu nimekuta sina hasira ya kutosha kujaza karatasi, kwa hiyo nitaijaza kwa jambo jingine.

Ile siku ya kisimani sikuagizwa na mtu. Kamera ya pili ilikuwa imefika asubuhi ile, kaka anaichezea mlangoni, mimi nikachukua ile ya zamani nikakufuata. Sikuwa na mtoto, na nilijua sitapata. Wewe ulikuwa wa kaka na wa wifi, na mimi nilikuwa shangazi wa kukukosha miguu. Nilitaka kitu chako kimoja kiwe changu. Ulichomwambia mwandishi ni kweli, yule mtu nyuma ya kamera alikuwa anakupenda. Ulikosea mtu tu. Nilipoisafisha, kaka aliitazama, akaichukua, akaandika nyuma kwa mkono wake, Binti yangu. Nikamwachia. Lilikuwa neno la kweli.

Sasa na mimi nina langu. Ulijua masanduku ni kumi na moja kwa sababu ndivyo nilivyokuambia. La kumi na mbili ni dogo, nililikuta chini ya kitanda cha kaka baada ya mazishi. Ndani mna bahasha moja, ameifunga kwa gundi ya karatasi, ameandika tarehe ya siku ile ya kisimani. Niliichungulia mara moja kwenye dirisha bila kuitoa, karatasi ni ile nyembamba inayopitisha mwanga. Aliipiga kwa kamera mpya, kumbe alinifuata kisimani nami sikumsikia. Niko mimi nimeinama nyuma ya miguu mitatu ya kamera, na wewe uko mbele yangu, umeinua macho.

Utaniuliza, kama kuna picha inayoonyesha mimi ndiye niliyekuwa nikipiga, kwa nini sikuitoa gazeti lilipokuja? Ushahidi mkuu wako anaoutaka si huo hapo? Nitakuambia. Mimi nimetoka ukungu. Kichwa ukungu, mikono ukungu, huwezi kujua ni mtu au gunia. Wewe uko wazi mpaka nywele. Nilikuwa karibu na kaka kuliko wewe, hatua tatu tu, na kwa kamera ile mtu halengi mbali kwa bahati mbaya. Alinipita mimi akakulenga wewe.

Miaka thelathini na minane nimesimama naye kwenye dawa. Nilipoiona nililifungia sanduku kabatini pamoja na mengine, nikaketi juu ya kitanda chake, nikakuonea wivu wewe ambaye hukuwapo. Nikasema heri nikose jina kuliko watu wakione hicho. Ndio maana ufunguo haukuonekana.

Umetaka picha ambayo baba yako anakutazama. Dereva anakuletea. Sijaifungua.

Shangazi yako.


12 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto ameliona jino, lilikuwa ndani ya kiatu cha mama. Mama nimemsomea barua yako yote. Aliniomba nirudie pale pa kukosha miguu, halafu akaenda jikoni.

Nimeifungua bahasha mbele ya mkuu, kwa mvuke, taratibu. Nimeiweka kwenye meza ya mwanga. Ni kama ulivyosema. Niko wazi mpaka nywele. Nilikaa chini. Sitaki kukueleza nililiaje, lakini nililia vizuri.

Wewe uko ukungu, ni kweli, lakini si gunia. Mgongo ni wa mtu anayeshikilia pumzi ili picha isitikisike. Ningekutambua popote.

Halafu mkuu alitoka kupokea simu, nikabaki nayo peke yangu kidogo. Nilipitisha kidole pembeni. Shangazi, wewe uliyeniambia mara ngapi niangalie kingo, hii hukuiangalia ukingo. Uliona uso wangu ukairudisha. Karatasi ya gundi ilikuwa imefunika pembe yote.

Nilitegemea mkato mmoja. Nimehesabu mara nne. Kuna mmoja, na umeachwa upana wa kidole, kisha kuna miwili imekaa pamoja. Mitatu. Alikata wake, akakata na wako.

Nilikuwa peke yangu na mkasi uko kwenye droo ileile. Nitakuambia ukweli, niliukumbuka. Kwa dakika moja nilitaka kubaki na kitu kimoja ambacho wewe humo. Kisha nikamwita mkuu aje ahesabu na yeye.

Kitabu kitakuwa na majina mawili kwenye jalada, lake na lako, lako kamili, yote matatu. Picha ya mwisho ni hii, na chini yake itaandikwa kwamba wameipiga wote wawili. Negativu mia na kumi zote zina kingo zake. Nimezigundisha kwa mkono, zinaonekana zimeshonwa, na mkuu amesema ziachwe hivyo, nayo ni sehemu ya historia.

Mwanao.


8 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Umesema mitatu. Nimesoma, nikatoka nje, nikarudi, nikasoma tena, bado mitatu. Kaka hakuwa mtu wa kukosea mkato. Gizani alikuwa anajua anachofanya kuliko nje kwenye jua.

Ufunguo umepatikana. Ulikuwa shingoni mwangu. Nakuja na lori la Jumatano, nimepanga masanduku kumi na blanketi kati yake, na dereva ameapa ataendesha kama amebeba mayai. Mheshimiwa nimemkabidhi kwa mwenye duka la sabuni, pole yake. Mwambie wifi nitahitaji mahali pa kulala, na kama bado ana neno na mimi anisubirie mlangoni, tulimalize kabla sijavua viatu.

Usidhani wivu umekwisha. Uso wako bado uko wazi na mimi bado ni ukungu, na kwa hilo nitakuonea wivu mpaka nife. Lakini nataka kuishika. Zimeni taa za hicho chumba chenu cha baridi nikifika, mimi sihesabu kwa macho. Uingie na wewe, usikae mlangoni. Na mkasi mpe mkuu wako auweke mbali na sisi sote wawili.

Shangazi yako, mikato miwili.